Siku Nane na Kipimajoto: Kutoka Gangilonga Hadi Uyole

Siku ya kwanza, Jumatatu, 7 Julai 2025. Iringa.

Saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri kipimajoto cha sebuleni kwangu kilisoma nyuzi 15, na kile nilichokitundika nje chini ya upenu kikasoma nyuzi 12. Nyuzi 3 ndiyo faida yote niliyoipata kutokana na tofali, saruji, bati na mikopo ya miaka sita, na kwa kuwa nyumba hii ya upande wa Gangilonga niliichora mimi mwenyewe, ninayefundisha ujenzi katika chuo cha ufundi, sina mtu wa kumsukumia lawama.

Nimeanza kupima kwa sababu ya mama yetu. Ana kiwanja Uyole, Mbeya, ameshachoka kupanga, nasi watoto wake tumekubaliana kumjengea nyumba ya vyumba vitatu kabla mvua za Novemba hazijafika. Kazi ya kuchora imeniangukia mimi. Nimechukua likizo ya wiki moja na ushee, na badala ya kupanda basi la moja kwa moja hadi Mbeya nimeamua kwenda kituo kwa kituo, nikilala kwa watu watakaoniruhusu kupima baridi ya nyumba zao alfajiri, ili nisije nikamjengea mama kosa nililojijengea mwenyewe. Begini nina vipimajoto viwili, futi ya mkanda, dira, daftari, na kijiti kilichonyooka cha mita moja kamili ambacho mke wangu amekibatiza jina la bakora ya mwalimu.

Bakora hiyo ndiyo iliyotangulia kufanya kazi. Niliisimika wima uani kuanzia saa sita mchana nikawa naweka alama ya kivuli kila baada ya dakika chache. Kivuli kilikuwa kifupi kuliko vyote saa sita na dakika 42, wala si saa sita kamili, kwa kuwa saa zetu hufuata longitudo ya nyuzi 45, iliyoko mashariki kabisa baharini, na jua huchelewa kutufikia sisi wa huku bara. Urefu wa kivuli ulikuwa sentimita 59, nacho kilielekea kusini. Kila mwaka wanafunzi wangu hubishana nami juu ya jambo hili, kwa sababu wamezoea kuambiwa kwamba katika nchi zetu jua hupita utosini. Ukweli ni kwamba hapa Iringa, tangu mwanzoni mwa Machi hadi karibu katikati ya Oktoba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na ndani ya miezi hiyo ndimo ilimo baridi yetu yote.

Basi na tuitazame nyumba yangu. Sebule inatazama kaskazini, jambo ambalo lingekuwa heri, ila mbele yake nimeweka baraza lenye kina cha mita 2, lenye nguzo za kupendeza, nililolinakili kutoka kwenye ramani ya nyumba ya Dar es Salaam. Kwa pembe ya jua la Julai, ambayo mchana ni nyuzi 60 hivi, paa la mita 2 hutupa kivuli cha zaidi ya mita 3 kuteremka ukutani, maana yake ukuta wote na dirisha lote hukaa gizani mchana kutwa katika mwezi ambao jua linahitajika kuliko mwezi mwingine wowote. Pwani baraza kama hilo ni rehema. Hapa ni jokofu, na nimelijenga kwa mkopo.

Alasiri nilikwenda kulitazama tena lile jengo la Boma, lililojengwa na Wajerumani karibu mwaka 1900 na ambalo sasa ni makumbusho ya mkoa. Kuta zake nene hufanya kazi ya mtungi: hupokea joto polepole mchana, kisha hulitoa polepole usiku. Hata hivyo si Wajerumani waliotuletea maarifa hayo, kwa sababu Wahehe walikuwa wakiishi katika tembe, nyumba yenye ukuta mnene na paa la udongo lililo bapa, ambalo lilizuia jua la mchana na kuhifadhi joto la usiku kuliko bati lolote. Tembe liliponzwa na mvua na kazi ya kulikarabati kila mwaka. Tulipolibadilisha kwa bati tulishinda uvujaji, lakini hatukuweka kitu chochote mahali pa ule udongo.

Siku ya pili, Jumanne, 8 Julai. Mafinga.

Kilomita 80 hivi kwa basi dogo. Baada ya Ifunda hewa hubadilika, na kabla hujafika Mafinga unaanza kuiona misitu ya paini na milingoti. Shamba la miti la serikali la Sao Hill, lililo kubwa kuliko mashamba yote ya miti nchini, lina eneo la zaidi ya hekta 135,000, na mji wa Mafinga unanuka utomvu tangu stendi.

Nilifikia kwa mzee mmoja mwenye kiwanda kidogo cha kupasulia mbao, aliyewahi kumsomesha mwanawe chuoni kwetu. "Kamwene, mwalimu," alinisalimu, akanipeleka moja kwa moja kwenye mashine, ambayo ni ya aina ile ndogo wanayoiita wenyewe "dingdong". Nilikaa nikatazama magogo kumi yakipasuliwa. Kwa macho yangu karibu nusu ya kila gogo haikuwa mbao, bali mabanzi ya pembeni na maranda, na nyuma ya kiwanda kulikuwa na kilima cha maranda kilichokuwa kikifuka moshi bila mwali. Mzee aliniambia kwamba kilima hicho hakijazimika tangu Pasaka.

Lakini nyumba yake ndiyo iliyonifanya nilale Mafinga. Ukuta wa nje ni mabanzi yaliyopigiliwa wima na kupakwa oili chafu. Ukuta wa ndani ni mbao zilizorandwa. Kati ya kuta hizo mbili ameacha nafasi ya sentimita 10 na kuishindilia maranda makavu yaliyochanganywa na chokaa ili mchwa na ukungu visiyapende. Darini kadhalika, juu ya mbao za siling kuna tabaka la maranda lenye kina cha kiganja kilichosimamishwa. Ubao mkavu wa paini hupitisha joto mara tano hivi pungufu kuliko tofali la kuchoma la unene uleule, na maranda makavu hupitisha pungufu zaidi, kwa sababu hewa iliyonaswa kati ya chembe zake haina njia ya kutembea. Ndiyo kazi ileile inayofanywa na blanketi.

Nilimuuliza kuhusu moto, naye hakukasirika. Alinionyesha nyaya zote za umeme zikiwa zimepita ndani ya mabomba yaliyowekwa juu ya mbao, mahali zinapoonekana, wala hakuna waya hata mmoja uliozikwa kwenye maranda. Jiko liko kwenye chumba cha tofali kilichotenganishwa na nyumba. Alinionya pia juu ya jambo ambalo wanafunzi wangu watalisikia Agosti: vipande vya mbao zenye dawa, zile zenye rangi ya kijani hafifu, visichomwe jikoni hata kidogo, kwa kuwa dawa ile ina shaba, kromiamu na aseniki, na moshi wake ni sumu. Pale mjini niliona mama ntilie wawili wakivikokea chai.

Siku ya tatu, Jumatano, 9 Julai. Mafinga hadi Njombe.

Alfajiri: nje nyuzi 7, ndani nyuzi 16. Nilivibadilishana vipimajoto mahali nikapima tena, nikidhani kimoja kimeharibika. Havikuharibika. Nyumba ya mabanzi imeipita ya kwangu mara tatu.

Kutoka Makambako nilipanda Kosta hadi Njombe, mji ulioko kwenye mwinuko wa mita 1,900 na zaidi, nikafikia nyumba ya wageni ambayo sitaitaja jina kwa sababu mhudumu wake alikuwa mwema na kosa si lake. Ni jengo jipya lenye vioo vipana, vigae sakafuni na bati za msauzi za rangi ya bluu. Kila chumba kina hita ya maji ya papo kwa papo, ile inayobanwa juu ya bomba la bafuni. Saa moja jioni, wageni watatu walipoamua kuoga kwa wakati mmoja, swichi kubwa ilijizima na jengo zima likaingia gizani, nami nikiwa na sabuni usoni.

Gizani nilipiga hesabu. Ndoo ya lita 20 yenye maji ya nyuzi 14, ukitaka kuyafikisha nyuzi 40, inahitaji umeme wa zaidi kidogo ya nusu yuniti, na kipimo hicho hakipungui kwa kununua hita ya bei ghali zaidi, kwa kuwa ni hesabu ya maji yenyewe. Kinachoweza kubadilika ni chanzo cha joto, na Njombe ya Julai, pamoja na baridi yake, ina anga jeupe na jua kali kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Jengo lile lina paa refu linalotazama kaskazini ambalo halijabeba kitu chochote isipokuwa dishi la televisheni. Pipa jeusi na mabomba chini ya kioo, au hita ya jua ya kununua, ingewaogesha wageni wote wale bila kugusa LUKU.

Chakula cha usiku kilikuwa wali na maharage, na maharage yalichelewa mpaka saa tatu. Mhudumu aliomba radhi akisema kuni zilikuwa mbichi. Kuni zilichangia, lakini kuna sababu nyingine ambayo wapishi wa Njombe wanaiishi bila kuambiwa: kwenye mwinuko ule maji huchemka yakiwa na nyuzi 93 au 94, wala hayafiki 100, hivyo maharage hukaa motoni muda mrefu kuliko yangekaa Tanga, na kila dakika ya ziada ni kuni.

Siku ya nne, Alhamisi, 10 Julai. Njombe hadi Mbeya.

Saa tisa usiku niliamshwa na tone la maji lililodondoka koridoni, tup, kisha jingine. Nilidhani paa linavuja. Nilipotoka na tochi niliona upande wa ndani wa bati umejaa matone kama paji la uso la mtu mwenye homa. Usiku usio na mawingu bati hutupa joto lake angani hadi likawa baridi kuliko hewa yenyewe, na mvuke wa pumzi na bafu za wageni ukiligusa hugeuka maji. Koridoni hakukuwa na siling. Vyumbani ilikuwapo, ya jipsamu. Alfajiri nje palisoma nyuzi 5, koridoni nyuzi 8, chumbani kwangu nyuzi 12. Ni jengo moja, lina ukuta wa aina moja na usiku ni mmoja, ila kati ya nyuzi 8 na 12 kuna ubao wa jipsamu na nafasi ya hewa juu yake. Nimeandika hayo kwa kalamu nyekundu, kwa kuwa siling ndicho kitu cha kwanza ambacho familia zetu hukiahirisha fedha zinapokwisha, na wengi huhamia wakisema siling itawekwa mwakani.

Baada ya Makambako barabara kuu huteremka hadi Igawa na kuingia bonde la Usangu, na ghafla ukawa huhitaji sweta. Nilishuka karibu na Chimala kwa sababu moja tu: tanuru za matofali zinazochomwa kwa pumba za mpunga. Nyanda za juu, ukitaka tofali la kuchoma, huwa unanunua na msitu ndani yake. Tanuru moja humeza malori ya milingoti, na penye uhaba wa milingoti humeza miti ya asili ya milimani, ile inayoshika maji. Maji yenyewe tunayafahamu yanakokwenda. Mito ya Usangu huungana kuwa Ruaha Mkuu, ambao huzungusha mitambo ya Mtera yenye megawati 80 na ya Kidatu yenye megawati 204, kisha ukaingia Rufiji, kwenye bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Tangu miaka ya tisini mwanzoni Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, na ingawa kilimo cha umwagiliaji ndicho kinachotajwa kwanza, mtu anayechoma tofali kwa miti ya kando ya chanzo cha maji naye hana mkono safi.

Tanuru nililolikuta lilikuwa na tofali kama elfu ishirini, limepangwa kwa mianya ambayo pumba zilishindiliwa ndani yake, na juu likafunikwa pumba tena kama mtu aliyejifunika shuka. Halikuwa na mwali. Lilikuwa likila taratibu kutoka chini kwenda juu kwa siku ya sita, likitoa moshi mweupe, na vijana wawili walikuwa wakiongeza pumba kwa debe mahali palipobonyea. Fundi aliniambia kwamba kuni zina haraka, huunguza tofali za katikati hadi zikayeyuka na kushikana huku za pembeni zikibaki mbichi, ilhali pumba hazina haraka. Aligonganisha tofali mbili zilizoiva zikalia kama chuma. Kisha alichukua moja ya pembeni, ya rangi ya chungwa hafifu, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ili nione. Ilianza kutoa mapovu, pembe zake zikalegea, na kabla sijamaliza kikombe cha chai ilikuwa imebaki tope lenye umbo la tofali.

Tofali mbichi hizo ndizo hasara kubwa ya tanuru, kwa kuwa zimekula moto na haziwezi kujengea. Tanuru kubwa lina pembe chache kwa kulinganisha na ujazo wake, na tanuru lililokandikwa udongo nje halipotezi joto kwa upepo, kwa hiyo majirani wanne wakichoma pamoja mara moja hutumia moto kidogo kuliko kila mmoja akichoma la kwake. Fundi alikubali, akaongeza kwamba tatizo ni nani atakayemwamini mwenzake katika kuhesabu.

Pumba zamani zilikuwa bure, zikitupwa kando ya mashine za kukoboa. Sasa zinauzwa, na hilo sikuliona kuwa baya.

Siku ya tano, Ijumaa, 11 Julai. Mbeya na Uyole.

Nimelala kwa dada yangu Ilomba. Alfajiri mji haukuonekana. Hewa baridi ilikuwa imetuama bondeni kati ya Loleza na milima ya Uporoto, na moshi wa mikaa, kuni na magari ulikuwa umelala ndani yake hadi saa tatu jua lilipouinua.

Asubuhi yote nilikuwa kiwanjani Uyole nikijaribu udongo, kwa kuwa kaka yetu anapendekeza tofali za kufungamana, zile zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihimiza kwa miaka mingi. Nilichukua chupa ya maji, nikajaza udongo hadi theluthi, nikaongeza maji na chumvi kidogo, nikaitikisa na kuiacha kivulini. Kwa kawaida mchanga hutua chini ndani ya dakika moja, chembe laini zaidi hufuata, na mfinyanzi hukaa juu baada ya saa nyingi. Udongo wa Uyole ulifanya kituko: sehemu yake ilielea. Zilikuwa chenga za changarawe nyepesi ya volkano, ndugu wa lile jiwe tunalosugulia visigino, zilizomwagwa huku na mlima Rungwe katika mlipuko wa miaka 4,000 hivi iliyopita. Chenga hizo zimejaa matundu ya hewa, hivyo ni kizuizi kizuri cha joto, lakini mfinyanzi wa kuzishikanisha haukutosha: tabaka la juu halikufika hata unene wa kidole.

Suluhisho lilikuwa kuchanganya na udongo mwekundu wa mlimani. Jirani mmoja mwenye mashine alitufyatulia tofali za majaribio kwa kipimo cha ndoo moja ya saruji kwa ndoo kumi za udongo, na mfuko mmoja wa kilo 50 ulitoa tofali 72. Nilimkumbusha kaka yangu, aliyekuwa ameshaanza kuziita tofali zisizo na moto, kwamba moto upo, ila uko kiwandani, ambako mawe ya chokaa na udongo huchomwa hadi nyuzi 1,450 hivi ili kupata saruji, na mawe yenyewe hutoa hewa ya ukaa yanapoungua. Unapookoa msitu kwa kuongeza saruji unahamisha moshi. Faida yetu itatokana na kutumia saruji kidogo: tofali hizi hazihitaji mota nene kati yake wala lipu ndani na nje, zikimwagiliwa maji na kufunikwa nailoni kwa siku zisizopungua saba.

Siku ya sita, Jumamosi, 12 Julai. Mbeya.

Kijiti Ilomba: kivuli kifupi saa saba kasoro dakika 8, sentimita 60. Dada amenunua jiko la umeme la presha. Tulipika maharage ya familia nzima huku nikiisoma LUKU kabla na baada. Zilipungua yuniti 0.5 tu, kwa kuwa ndani ya sufuria iliyofungwa maji hupita nyuzi 100 hata huku milimani. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Dada yangu ameachana na mkaa wa kupikia, lakini jioni aliingiza jiko la mkaa chumbani kwa watoto ili kupasha joto, akafunga dirisha. Hapo nilisahau kwamba ni dada yangu mkubwa. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko ndani wasiamke. Kadiri nyumba inavyozibwa vizuri upepo usiingie, ndivyo jiko la mkaa linavyozidi kuwa la hatari, kwa hiyo mtu akitaka kuziba matundu sharti aanze kwa kulitoa jiko.

Tulipanda hadi Kawetele kutazama mji kutoka juu. Viwanja vingi vilivyopimwa vimepangwa kufuata barabara, na kila mtu hujenga akiitazama barabara. Mtaa ukipita kusini kwenda kaskazini, nyumba zote za mtaa huo zinatazama mashariki au magharibi, na jua la kaskazini linaangukia ukuta mfupi wa choo. Mpimaji anapochora mtaa anakuwa ameshachora na baridi ya nyumba mia mbili. Kama barabara ndogo zingeelekezwa mashariki hadi magharibi pale ardhi inaporuhusu, nyumba zingepata jua bila mwenye nyumba kujua lolote.

Siku ya saba, Jumapili, 13 Julai. Tukuyu na kurudi.

Nilikwenda Tukuyu kwa mjomba nikiwa na nadharia yangu mfukoni, na Tukuyu ikaivunja. "Ugonile," mjomba alinisalimu, nami nikajibu "Ndaga" huku meno yakigongana. Ukungu haukuondoka hadi saa nane mchana na bakora haikutoa kivuli chochote. Huku, ambako mvua kwa mwaka hupita milimita 2,000, dirisha la kaskazini lina faida ndogo. Kinachohitajika ni siling nene, sakafu iliyonyanyuliwa na upenu mrefu wa kulinda ukuta dhidi ya mvua, tena lile baraza nililolilaani Iringa hapa lina kazi ya kuanikia nguo na kahawa. Kutoka Uyole ni mwendo wa saa moja na kidogo tu kwa Noah, lakini ramani moja haiwezi kutumika pande zote mbili.

Siku ya nane, Jumatatu, 14 Julai. Uyole.

Tulifika kiwanjani saa moja asubuhi: mama, kaka, fundi mwashi, na mimi na kamba zangu. Nje nyuzi 8. Kiwanja ni mita 20 kwa 30, na barabara iko upande wa kusini. Nilieleza ramani: upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini, sebule na chumba cha mama viwe huko na madirisha yenye urefu wa mita 1.5, stoo, bafu na korido vikae kusini vikiwa na madirisha madogo, kwa kuwa upepo wa baridi hutoka kusini-mashariki, jiko liwe mwisho wa magharibi ili moshi usirudi ndani. Upenu wa kaskazini utokeze sentimita 45 tu. Kwa jua la Julai kivuli chake cha mchana kitashuka sentimita 75, na kwa kuwa kioo kinaanza sentimita 30 chini ya upenu, zaidi ya mita moja ya kioo itabaki inapokea jua. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwishoni mwa Februari, jua la mchana likihamia kusini, dirisha hilo halitaliona tena.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa mgeni akitoka barabarani, baba, ataingilia wapi? Stoo?"

Fundi alitazama pembeni. Kaka yangu alikohoa. Nilijaribu kueleza habari ya nyuzi na mama akasema kwamba yeye amezaliwa Rungwe na baridi anaijua kuliko kipimajoto, lakini hajawahi kuona nyumba ya mtu mwenye heshima iliyoipa njia kisogo. Tukakubaliana mlango mkubwa uwe kusini, kwenye kibaraza kifupi, na korido impeleke mgeni moja kwa moja sebuleni kwenye jua. Bado hakuridhika, kwa sababu nilikuwa nimeisogeza nyumba nyuma kabisa, mita 3 kutoka mpaka wa kaskazini, ili mbele pabaki bustani, naye alitaka akiwa kibarazani aweze kusalimiana na wapita njia.

Saa nne jua lilipopanda ndipo tuliliona jambo ambalo ramani yangu haikulijua. Jirani wa kaskazini ana safu ya milingoti yenye urefu wa kama mita 15, imesimama hatua chache nyuma ya mpaka, na kivuli chake kilikuwa kimeingia mita 6 ndani ya kiwanja. Chumba cha mama, kilichokuwa kimeshawekewa vigingi, kilikuwa nusu kivulini. Jirani tulimwita, ni mtu mwema, ila milingoti ile ndiyo ada ya shule ya mwanawe kwa mwaka ujao, na hakuna aliyethubutu kumwomba aikate.

Ikabaki kuisogeza nyumba. Tuling'oa vigingi vyote, fundi akashika futi, nami nikarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea barabarani mpaka kamba ya ukuta wa kaskazini ilipotoka kabisa kwenye kivuli, mita 7 kutoka mpakani. Mama alitazama umbali uliobaki hadi njiani, akahesabu kwa nyayo zake, akamwambia fundi apige kigingi hapo hapo na asikisogeze tena.